Fedha za Barabara Zianzie Mtoni

Basi la alfajiri linalotoka Dar es Salaam kwenda Lindi huvuka maji mara nyingi kuliko abiria wake anavyoweza kukumbuka. Rufiji ataukumbuka, kwa sababu Daraja la Mkapa lina urefu wa mita 970, na mto ule ukijaa humfanya hata aliyesinzia ainue kichwa dirishani. Vivuko vingine, kuanzia Mkuranga na Kibiti hadi Somanga, Nangurukuru na Mbwemkuru, hupita chini ya matairi bila mtu kuvitaja: karavati la bomba, karavati la boksi, daraja fupi lenye kingo za chuma zilizopinda, korongo lililokauka tangu Juni. Nimesafiri njia hii ya takribani kilomita 450, nikaingia pia kwenye barabara za changarawe na za udongo zinazochepuka kwenda bara, na macho yangu yalikuwa kwenye vivuko hivyo vidogo zaidi kuliko kwenye lami. Naamini fedha ambazo Serikali inazitoa kwa ajili ya barabara za wilaya na vijiji zinapaswa kuanzia hapo, majini. Kila mahali ambapo mvua hukata njia papate kwanza karavati la kutosha, daraja, au walau kivuko cha zege kinachoruhusu maji kupita juu yake bila kukibomoa. Kilomita za lami zije baadaye.

Historia ya barabara hii yenyewe inatoa ushahidi. Kabla ya mwaka 2003 msafiri wa kusini alivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na mto ulipofurika safari iliishia ukingoni. Daraja lilipofunguliwa mwaka huo watu wa Lindi na Mtwara walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mbele tu ya daraja kulikuwa na kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga, sehemu kubwa ikiwa ni udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kugeuka ugali masika. Zaidi ya muongo mmoja ulipita kabla ya kipande hicho kukamilika kwa lami. Katika miaka hiyo yote taifa lilikuwa na mojawapo ya madaraja yake marefu kabisa, na bado kila masika magari yalikwama kwenye tope muda mfupi baada ya kulivuka. Silaumu uamuzi wa kujenga daraja. Bila hilo hata lami isingekuwa na maana. Ninachosema ni kwamba njia nzima hupitika kwa kiasi kile tu inavyopitika sehemu yake mbovu kuliko zote, na fedha zinazokwenda kwenye sehemu nzuri wakati sehemu mbovu imeachwa hazimfikishi mtu popote.

Mwezi Mei 2024 somo hilo lilirudi kwa ukali. Kimbunga Hidaya kiliingia nchini kupitia Mafia tarehe 4, na mvua zake zikadondoka juu ya ardhi iliyokwisha kulowa kwa miezi ya El Nino. Barabara kuu ilikatika katika maeneo kadhaa ya wilaya ya Kilwa, Somanga ikiwa mojawapo, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara hazikuwa na njia ya moja kwa moja ya kufika Dar es Salaam. Aliyelazimika kusafiri alibaki na njia ya lami ya Masasi, Tunduru na Songea, mzunguko wa mamia ya kilomita kupitia nyanda za juu. Wasafiri wengi wanaijua Somanga kwa samaki na pweza wa kukaanga wanaouzwa mabasi yanaposimama. Ni hapo pia ambapo gesi ya Songosongo huingia nchi kavu kwa bomba kwenda kuzalisha umeme Dar es Salaam. Sehemu muhimu kiasi hicho kwa uchumi wa nchi ilikatika kwa sababu maji yalikuwa mengi kuliko nafasi yaliyoachiwa chini ya barabara. Daraja la Mkapa lilikuwa limesimama imara muda wote. Vilivyoondoka ni matuta ya udongo na vivuko ambavyo hakuna aliyewahi kuvikatia utepe.

Inafaa kutazama kwa karibu jinsi kivuko kidogo kinavyokufa, kwa kuwa hakifi kwa siku moja. Karavati la bomba lililolazwa chini ya barabara ya udongo huanza kuziba kwa majani, mabua ya mahindi na mchanga ulioshuka kutoka mashambani. Mvua ya kwanza kubwa ikija, maji yanayokosa mdomo hupanda, hutafuta mahali palipo chini zaidi juu ya barabara na kuvuka hapo. Upande wa pili yanaanguka kutoka juu, na kuanguka huko ndiko kunakochimba: udongo wa ukingo unamomonyoka kidogo kidogo kurudi nyuma kuelekea katikati ya njia, mpaka vichwa vya bomba vinabaki vimening'inia hewani. Mvua ya tatu au ya nne inamaliza kazi. Ukipita kiangazi unaweza kuona hatua zote hizo kwenye barabara moja. Hapa bomba limejaa mchanga hadi nusu, pale ukingo umeliwa kama mita moja, mbele bomba zima limelala korongoni na bodaboda wamejifungulia njia kupitia shamba la mtu. Kazi ya kulisafisha bomba lile la kwanza ni ya siku moja kwa watu wachache wenye majembe na sepetu. Kulijenga upya la mwisho kunahitaji mkandarasi, lori, saruji, usimamizi na bajeti ya mwaka ujao.

Nangurukuru ndipo njia zinapoachana. Lami inaendelea Lindi, na barabara ya Liwale inaelekea magharibi kwa takribani kilomita 230 kupitia Njinjo na bonde la mto Matandu, sehemu kubwa ikiwa ya changarawe na udongo. Mwanzoni mwa mwaka 2020 mafuriko katika bonde hili na maeneo jirani ya Kilwa yaliua watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Hii ni barabara ya mkoa, iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Zinazochepuka kutoka humo kwenda vijijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017 na kuchukua jukumu lililokuwa la halmashauri. Hapo ndipo hesabu za nchi zinaposhtua. Mtandao wa TARURA una zaidi ya kilomita 144,000, karibu mara nne ya ule wa TANROADS. Zaidi ya theluthi mbili yake ni udongo mtupu, na lami haifiki hata asilimia 5. Wakati huohuo mgawo wa Mfuko wa Barabara, unaotokana hasa na tozo ya mafuta, umekuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa na asilimia 30 kwa hizi za wilaya na vijiji. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta ili zielekezwe TARURA, na bajeti ya wakala huo ikapanda kutoka takribani shilingi bilioni 275 mwaka 2020/21 hadi zaidi ya bilioni 700 kwa mwaka katika miaka iliyofuata. Ni hatua kubwa na ya haki. Hata hivyo ukizigawa bilioni 700 kwa kilomita 144,000 unapata chini ya shilingi milioni 5 kwa kilomita. Barabara kuu ya lami haijengwi siku hizi chini ya shilingi bilioni moja kwa kilomita. Kwa hesabu hiyo hakuna bajeti tunayoweza kuiona katika maisha yetu itakayoweka lami kila kijiji. Tutachagua tu, na swali ni tuchague nini kwanza.

Mimi nachagua uhakika wa kupita kuliko mwendo wa kasi, na sababu yangu inatoka kwenye kalenda ya mkulima. Kusini mwa nchi mvua hunyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Mei. Ufuta wa Kilwa na Liwale huvunwa kuanzia Mei na kuingia kwenye minada ya stakabadhi ghalani mwezi Juni, yaani pale ambapo barabara zimetoka kupigwa na msimu mzima wa maji na bado hazijaguswa na greda. Korosho huanza kuuzwa Oktoba na huendelea hadi mvua zinapokuwa zimekwisha kuanza. Mazao mawili makubwa ya biashara ya eneo hili yanasafirishwa, kwa hiyo, katika ncha mbili mbaya za mwaka. Mnunuzi anapotaja bei mnadani huwa amekwisha kupiga hesabu ya lori hadi bandarini, na asipojua kama lori litapita au litalala siku tatu kwenye korongo, wasiwasi huo anauweka kwenye bei. Anayeulipa ni mwenye gunia. Barabara ya udongo inayopitika kwa kilomita 30 kwa saa mwaka mzima inamfaa mkulima huyo kuliko barabara yenye vipande vizuri vya kilomita 80 kwa saa na makorongo mawili yasiyo na daraja.

Utafiti wa mbali na hapa unaliunga mkono jambo hili. Nchini Nicaragua wachumi Wyatt Brooks na Kevin Donovan walifuatilia vijiji vilivyojengewa madaraja ya waenda kwa miguu juu ya mito inayofurika ghafla. Kabla ya madaraja, kipato cha vibarua kilishuka kila mto ulipojaa. Baada ya madaraja anguko hilo lilitoweka, na wakulima wakaanza kutumia mbolea zaidi na kupata faida kubwa zaidi mashambani. Hakuna hata kilomita moja ya lami iliyoongezwa. Kilichoondolewa ni ile hali ya kutojua kama kesho utavuka. Ethiopia nako, utafiti wa Stefan Dercon na wenzake uliochapishwa mwaka 2009, uliohusu vijiji 15, uligundua kwamba kufikiwa na barabara inayopitika majira yote kulipunguza umaskini kwa karibu pointi 7 za asilimia. Walichokipima ni kama njia inapitika majira yote, iwe ina lami au haina. Mama mjamzito anayepelekwa kituo cha afya usiku wa Machi, na mwalimu aliyepangiwa shule ng'ambo ya mto, wangeelewa tofauti hiyo bila kuonyeshwa jedwali lolote.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni kwamba changarawe ni fedha zinazosombwa na maji. Kila mwaka unamwaga moramu, unashindilia, unachonga, na kila masika unarudi ulipoanza, wakati lami ukiweka mara moja unapumzika miaka mingi. Nakubali kwamba kwenye milima mikali na kwenye barabara zenye magari mengi lami, au walau zege kwenye kona na vilima vikali, ndiyo njia ya akiba. Lakini maji ndiyo yanayoua changarawe, na maji hayohayo huua lami. Lami iliyokaa juu ya karavati dogo itakatika kama ilivyokatika Somanga, tena kwa hasara kubwa zaidi. Mfereji uliochimbwa vizuri, mgongo wa barabara uliochongwa ukamwaga maji pembeni, na bomba lenye kipenyo kinacholingana na bonde vinaongeza uhai wa barabara ya aina yoyote, na siku lami itakapokuja itavikuta vipo. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba katika nchi 85 zinazoendelea barabara zenye thamani ya dola bilioni 45 zilikuwa zimeharibika katika miongo miwili, hasara ambayo ingeepukwa kwa matengenezo ya chini ya dola bilioni 12. Sehemu kubwa ya barabara hizo ilikuwa ya lami. Hazikuokolewa na lami yake.

Pingamizi la pili linasema madaraja ni ghali, na kwamba ninachopendekeza kitaishia kwenye madaraja machache ya zege badala ya kilomita nyingi zinazoonekana. Hapo Kigoma ina jibu. Kwa ushirikiano na Ubelgiji, mkoa huo ulianza kujenga madaraja ya mawe yenye umbo la upinde, TARURA ikaipokea teknolojia hiyo, na leo yako mamia nchini. Wakala wenyewe unasema gharama yake ni chini ya nusu ya daraja la zege la ukubwa uleule. Sababu inaeleweka ukilitazama kutoka chini, ukisimama mtoni. Upinde unaugeuza uzito wa gari kuwa mgandamizo unaoshuka kwenye mawe hadi kwenye nguzo za pembeni, kwa hiyo hauhitaji nondo, na nondo ndiyo inayokula fedha na ndiyo inayoshika kutu. Mawe hupatikana jirani, na waashi wanaofundishwa kazi hiyo ni wenyeji ambao fedha yao hubaki katani. Kuna mipaka: mto mpana wenye kitanda cha mchanga usio na mwisho, kama ilivyo mingi ya pwani hii, hauna mwamba wa kusimamisha nguzo, na mawe yenyewe yanaweza kuwa mbali. Huko itabidi zege litumike, au kivuko cha zege kilicholazwa chini ambacho gari husubiri saa mbili maji yapungue. Kusubiri saa mbili kunavumilika. Kusubiri wiki sita ndiko kunakofunga shule.

Wapo pia wanaosema kwamba tozo hulipwa zaidi na wenye magari wa mijini na wasafirishaji wa barabara kuu, hivyo fedha ziwarudie wao. Hoja hii inasahau kwamba bodaboda wa Liwale hulipa tozo ileile kwa kila lita, na kwa kuwa anapita njia mbovu, anachoma lita nyingi zaidi kwa kilomita ileile. Inasahau pia kwamba shehena ya lori la barabara kuu haizaliwi kwenye barabara kuu. Ufuta, korosho, mkaa, mbao, mihogo na mbuzi huanza safari kwenye njia ya kata, na gharama ya kuzifikisha lamini ndiyo inayoamua kama zitasafiri kabisa. Mbaya zaidi ni mgawo wa usawa wa juujuu. Mwaka 2021/22 kila jimbo la uchaguzi liliongezewa kiasi kilekile, shilingi milioni 500, kwa ajili ya barabara. Nia ilikuwa njema, na majimbo yote yalifurahi. Lakini Liwale ni jimbo moja katika wilaya kubwa kuliko nchi ya Rwanda, hata kama sehemu kubwa yake ni hifadhi, na kuna majimbo ya Dar es Salaam ambayo mtu huyavuka kwa miguu asubuhi moja. Usawa wa haki ungehesabu vivuko visivyopitika na watu wanaofungiwa nyuma yake. Orodha hiyo inawezekana kuandikwa, kwa sababu kila diwani anavijua vivuko vya kata yake kwa majina, na kila meneja wa wilaya anazo sehemu korofi zake kwenye faili. Ibandikwe kwenye ofisi ya kata pamoja na tarehe ya kazi na kiasi cha fedha, wananchi waisome. Hilo pia litawajibu wale wanaohofia, kwa haki kabisa, kwamba fedha zikitawanywa kwenye kazi ndogondogo zitaibwa kirahisi: karavati lililoandikwa ukutani likiwa halipo mtoni, kijiji kizima kitaona.

Sheria ya Mfuko wa Barabara kwa bahati iko upande huu, kwa kuwa inataka walau asilimia 90 ya fedha zake ziende kwenye matengenezo. Kinachoharibu ni saa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Zabuni zikitangazwa baada ya hapo, mikataba ikasainiwa Septemba au Oktoba, na mkandarasi akaleta mitambo Novemba, huku kusini atakuwa amefika pamoja na mvua. Atachimba msingi ndani ya maji, atasimama, ataomba muda wa nyongeza, na tuta alilolifungua ndilo litakalokatika kwanza. Miezi mikavu ya Juni hadi Oktoba ndiyo pekee ambayo mto unaruhusu kazi, na kwa utaratibu wa sasa nusu yake huliwa na makaratasi. Mikataba ya matengenezo ya miaka miwili au mitatu ingeliondoa tatizo hili, ili mkandarasi awe amekwisha kupatikana wakati maji yanaposhuka. Vikundi vya wanakijiji vinavyosafisha mitaro navyo vilipwe mwaka mzima, na zaidi ya yote mwezi Oktoba, kabla majani ya kiangazi hayajasukumwa na mvua ya kwanza kwenda kuziba mabomba. Wizara ya Fedha inaweza kuruhusu zabuni za vivuko zianze Machi kwa masharti kwamba malipo yatasubiri bajeti ipite. Kwa barabara ya Njinjo na nyingine za bonde la Matandu, hiyo ingekuwa na maana ya msingi kumwagwa zege mwezi Julai badala ya kusubiri msimu mwingine wa ufuta upite juu ya tope.